Paa la Mama

Kusini mwa Ureno
8 Septemba 2024

Dada Advera,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza utaisoma ukiwa umenuna.

Huku kwetu tuko wazima. Inesi anakusalimu sana. Ameomba apunguziwe siku za kazi pale zahanati ili tusaidiane na shughuli nitakayokueleza. Kabula ametimiza miaka sita na wiki hii ameanza darasa la kwanza. Jana alirudi akauliza kwa nini jina lake hakuna mwenzake aliye nalo. Nikamwambia ni la bibi yake wa Lusu, aliyezaliwa siku ya mvua. Akasema basi na yeye anataka mvua. Habari za huko? Kijana wako Justus anaendeleaje na shule? Na baba mdogo Nikolaus, mguu wake umepata nafuu?

Naandika kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Tangu Mama azikwe ni miezi minane sasa. Nikipiga hupokei, na ukipokea unasema "tutaongea" unakata. Sikulaumu. Ninajua nilistahili kuwepo. Kibali changu cha kuishi kilikuwa bado ofisi ya uhamiaji, ningetoka nisingerudi, na nilikueleza. Lakini sitaki tumalizie maisha yetu na "tutaongea". Wewe ni mwalimu, kalamu huiogopi, basi nimekufuata huko.

Jambo lenyewe ni jema. Tunajenga. Tumepata kiwanja kilimani nje ya kijiji, kina mizeituni michache na ukuta wa zizi lililoanguka zamani. Tunajenga kwa udongo wa hapo hapo. Tunasimamisha mbao pande mbili, tunamwaga udongo wenye unyevu kidogo katikati, tunaushindilia kwa mchi mpaka unakuwa kama jiwe, halafu tunapandisha mbao juu na kuendelea. Kuna mzee jirani yetu ambaye babu yake alijenga hivyo, ndiye anayetuongoza. Hatuchomi tofali hata moja. Nikikumbuka misitu ya Urambo ilivyoishia kwenye kukausha tumbaku na kuchoma matofali, nasikia raha kila ukuta unapopanda bila moshi. Kuta za nyumba hii zina unene wa mkono mzima. Nje jua linachoma, ndani unahisi umeingia kwa Mama.

Wenzangu wote wanaweka vigae. Mimi nataka paa bapa la udongo kama la kwake. Wewe ndiye uliyekuwa ukipanda juu naye kila Oktoba kulikandika, mimi nilikuwa mbeba maji tu. Niambie: boriti zilikuwa za mti gani, zilikaa umbali gani, juu ya fito kulitangulia nini, na udongo ulikuwa unene wa shubiri ngapi? Andika kama unavyomfundisha mtoto.

Ndugu yako,
Modest


Ng'ambo, Tabora
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Modest,

Marahaba. Zote mbili nimeziitikia.

Barua yako imechukua siku arobaini na moja. Nimeikuta kwenye sanduku la parokia imelowa pembeni lakini inasomeka. Sisi tupo. Justus anaanza mtihani wa kidato cha nne wiki mbili zijazo. Anasoma mpaka anasahau kula, halafu anakula kwa mkupuo. Baba mdogo Nikolaus anatembelea gongo na anagombana na kila mtu, kwa hiyo amepona. Mimi tangu nistaafu nashona sare za shule hapa barazani. Macho yananisumbua kwenye kitambaa cheusi tu. Mvua bado, joto la Tabora unalijua.

Mpe Kabula mkono. Mwambie jina alilopewa ni la mtu aliyejua kucheka.

Sasa hiyo nyumba. Nimeisoma barua mara tatu nikijaribu kufurahi pamoja na wewe. Baba alikuachia kiwanja Lusu, upande wa kisima. Kila mwaka nalipa mtu akifyeke, kila mwaka nyasi zinarudi. Watu wakiniuliza Modest anajenga lini, nasema mwakani. Nimesema mwakani kwa miaka kumi na miwili. Mtu akijenga ugenini amesema atazeekea huko, hata kama hajatamka. Ungenitamkia tu, ningelipokea. Umeniletea swali la boriti badala yake.

Kuhusu paa, sikumbuki vizuri. Ni zamani. Weka vigae kama wenzako, wanaijua mvua ya kwao.

Msalimie Inesi.

Dada yako,
Advera


Kusini mwa Ureno
2 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika upesi kuliko yangu, nadhani hasira ina mbio. Tumefurahi kusikia baba mdogo anagombana. Mwambie Justus namwombea. Kabula ameanguka kwenye ngazi za shule akavunja jino, ambalo lilikuwa linang'oka hata hivyo. Analiweka kwenye kiberiti na kulionyesha kila mgeni.

Ni kweli, nilipaswa kutamka. Dada, mimi nitazeekea huku. Mtoto wangu anaota ndoto kwa Kireno. Nimeandika sentensi hiyo nikaikata, nikaiandika tena, sasa naiacha. Usimlipe tena mtu wa kufyeka. Kiwanja mpe Justus.

Lakini ndiyo maana lile paa ni muhimu kwangu kuliko unavyodhani. Nikiwa siwezi kumrudisha Kabula Lusu, basi walau alale chini ya kitu alichokifanya bibi yake. Na wewe unaniambia hukumbuki! Wewe, uliyekariri majina ya watoto arobaini kwa siku moja. Mimi mbeba maji nakumbuka Mama na wake wa majirani wakipanda ngazi na ndoo za udongo wa kichuguu, wakiukanyaga kwa miguu kwa mwendo mmoja huku wakiimba, na vumbi likitushukia sisi chini tukicheka. Nakumbuka Mama alisimama ukingoni mwa paa, kitenge amekifunga kiunoni, akakuita, "Advera, panda, huku unaona hadi barabara ya Nzega!" Ukapanda. Mimi nikalia nikiambiwa bado mdogo.

Mama alinielewa katika jambo hili. Nilimwambia kwamba watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuiona ile tembe ya Kwihara ya enzi za misafara, wanapiga picha, na yeye anaishi ndani ya nyumba ya namna hiyo, iliyo hai, ya mwisho pale Lusu. Alifurahi sana siku ile.

Kama hutaki kuniandikia, nitalijenga kwa kumbukumbu yangu. Kuta zimeisha, tumezifunika kwa maturubai kipindi hiki cha mvua. Boriti tunazipandisha Januari. Mwishoni mwa Februari, jua likitokeza, tunapandisha udongo, unene wa shubiri mbili. Nadhani lake lilikuwa hivyo. Chumba cha Kabula kitakuwa katikati, ndicho chenye joto.

Noeli njema.

Modest


Ng'ambo, Tabora
22 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salamu zipokee kwa pamoja, na za Justus aliyefaulu. Leo sitaweza kuziandika moja moja.

Barua yako ya Desemba nimeipata jana. Nilikuwa Lusu tangu baada ya Noeli, nimeuguza mguu wa baba mdogo uliorudia, na sanduku la parokia halikufunguliwa. Nimeisoma nimesimama pale pale mlangoni mwa ofisi ya paroko. Leo asubuhi nimekupigia mara sita, haipatikani. Nikakutumia ujumbe: Usipandishe udongo, subiri barua. Naomba Mungu uwe umeuona. Na ungepokea, sijui ningesema nini. Nikisikia sauti yako nakuwa mtu mwingine, ndiyo maana nakata. Hapa kwenye karatasi nitamaliza.

Nilikudanganya. Mama hakufa kwa presha. Aliangukiwa na paa.

Acha nikueleze toka mwanzo, usije ukayapata vipande vipande kwa watu.

Novemba ile, mwaka juzi, redio ilikuwa inatangaza kila siku kwamba mvua zitakuwa kubwa. Nilinunua mabati. Nikapakia kwenye Fuso pamoja na fundi Tobia tukaenda Lusu, nia yangu ni kushusha udongo wote na kuezeka upya kabla mvua haijachanganya. Tulimkuta Mama anachambua karanga. Nikamwambia, "Mama, leo tunashusha udongo."

Akasema, "Hamshushi kitu. Modest amepiga juzi."

"Modest yuko Ulaya, Mama."

"Ndiyo, na huko Ulaya nyumba kama hii wanaisoma darasani. Kaniambia nisikubali ibomolewe. Atakuja na mke wake na mjukuu wangu Kabula walale humu."

Tobia akaingia ndani kutazama, akatoka akasema nguzo ya katikati haimpendezi. Mama akamwuliza nani amemwita. Nilibembeleza, nikalia, nikamwambia nitamchukua tukaishi Ng'ambo. Akasema Ng'ambo kuna kelele. Ndipo nikakasirika, Modest. Nilikuwa nimechoka na safari, nimechoka na miaka yote ya kumbeba mgongoni huku neno lako moja la kwenye simu likipita yangu yote. Nilimwambia, "Basi kaa na paa lako, na huyo Modest ndiye aje akuzike."

Nikapanda Fuso. Mabati nikayaacha yameegemea ghala. Sikumpigia simu Desemba nzima. Noeli nilimtumia sukari na kitenge kwa mtu wa basi, bila neno. Maneno hayo ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu.

Januari mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, Jumanne, jua likatoka. Jirani yetu Silasi alipita na ng'ombe wake kama saa tatu asubuhi, Mama akamsalimia yuko mlangoni, akamwambia, "Leo angalau tutaanika." Akaingia ndani kuchukua ungo. Silasi hajafika kisimani akasikia kishindo, akadhani ni mti. Alipogeuka aliona vumbi, akashangaa vumbi linatoka wapi na nchi yote imelowa.

Walichimba kwa majembe na mikono mpaka saa sita. Hakuwa na jeraha usoni. Nilimwosha mwenyewe pamoja na Levina, mke wa Silasi, na kinywani mwake kulikuwa na udongo ambao sikuweza kuutoa wote.

Sasa nisikilize kama fundi. Silasi aliniambia kwamba walipokuwa wanachimba waliona udongo uko tabaka juu ya tabaka, rangi mbalimbali, kama kitabu. Kila Oktoba tulikuwa tunapandisha mpya, hakuna mwaka tulioshusha wa zamani. Wewe unakumbuka shubiri mbili. Zilikuwa zimefika nne na zaidi, zimelowa maji ya siku nne. Na nguzo ya katikati ilikuwa imeliwa na mchwa ndani yote, nje limebaki ganda. Ilisimama katika chumba cha katikati, kama kile ambacho wewe unataka kumlaza Kabula.

Nilimwomba Silasi, baba mdogo na ukoo mzima wanyamaze. Nilisema Modest akijua hatapona. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Ningekuambia lilivyoanguka ungeuliza kwa nini halikubomolewa, na ningekuambia ni wewe, na ungeuliza mimi nilifanya nini, na ningelazimika kulitamka lile neno. Nilikulinda wewe nikijilinda mimi.

Mabati anayo Silasi. Nilimwambia ayachukue, sitaki kuyaona.

Nimemaliza. Usimlaze mtoto chini ya udongo huo.

Advera


Ng'ambo, Tabora
4 Mei 2025

Modest,

Imepita miezi miwili na zaidi. Nina ujumbe wako mmoja tu kwenye simu, wa tarehe ile ile ya Februari, jioni: "Nimesimamisha." Baada ya hapo kimya. Sijui kama barua ilifika au imebaki njiani, na sijui lipi naliombea.

Tumeadhimisha Pasaka Lusu. Tumevuna karanga, si nyingi. Justus anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Baba mdogo amelala sana mwaka huu.

Nilipokuwa nafundisha, mtoto akipata jibu baya nilikuwa namwacha asimame mpaka alifikirie. Sasa ninaona ukatili wa jambo lile. Kama unanichukia niandikie unanichukia, nitalisoma.

Dada yako


Kusini mwa Ureno
30 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe ishirini na moja Machi. Hiyo ya Mei imefika jana. Sikuchukii. Nimejaribu, kwa sababu ingekuwa rahisi.

Ujumbe wako wa Februari ulinikuta juu ya paa. Tulikuwa tumeanza asubuhi hiyo. Inesi yuko chini anajaza ndoo, yule mzee anazivuta kwa kamba, mimi namwaga na kukanyaga. Nilikuwa ninaimba, dada. Simu haishiki mtandao pale chini, lakini kule juu ilishika, ikalia mfukoni. Nikasoma. Inesi akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni dada. "Anasemaje?" Nikashindwa kumtafsiria. Nilikaa pale kwenye udongo mbichi mpaka mzee akapanda ngazi kunifuata akidhani nimeugua. Ndoo zote tulizopandisha tulizishusha siku ile ile.

Nilishusha haraka hivyo kwa sababu sikuhitaji barua. Nilijua.

Siku ya mazishi uliponionyesha kaburi kwenye simu, kabla hujakata, simu ilikuteleza mkononi na picha ikageukia upande wa uani. Nikaona watu, nikaona ghala, na kati ya ghala na mti wa mtundwe, mahali nyumba inapokaa, niliona anga. Anga tupu hadi chini. Ukakata. Nilikaa na anga hilo mwezi mzima. Halafu nikajiambia simu ilikuwa mbovu, nikajiambia ulikuwa umesimama upande mwingine. Nikajifundisha kutojua, nikafaulu vizuri.

Na kuna lingine, ambalo hata Inesi sikuwahi kumwambia. Siku ya Noeli yake ya mwisho nilimpigia Mama. Tulizungumza sana. Katikati ya mazungumzo akasema, "Mwanangu, siku hizi udongo unanidondokea kwenye mboga. Na lile gogo la katikati linalia." Nilicheka. Nikamwambia, "Nyumba ya udongo inapumua, Mama. Ni dalili nzuri." Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu na kuhudhuria mafunzo ya siku kumi. Yeye alikuwa amelikandika paa lile miaka arobaini, na aliniamini mimi. Akasema, "Ah, kumbe inapumua." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyepewa jibu na daktari.

Kwa hiyo dada, lile neno lako lilikuwa la hasira, na Mama alizijua hasira zako, alizizaa yeye. Neno langu lilikuwa la upole, naye akalala juu yake. Usilinganishe tena.

Nilipokuandikia ile barua ya kwanza kuuliza boriti na shubiri, nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hapana. Ulipojibu weka vigae, hiyo hapana nikawa nimeipata. Nikaandika kwa kiburi kwamba nitajenga kwa kumbukumbu.

Mwezi wa nne Inesi na mzee waliezeka nyumba kwa vigae, na majirani wawili wakaja kusaidia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gari. Siku ile ndiyo nilimweleza Inesi yote, kupitia dirishani, yeye amesimama na nyundo mkononi. Aliweka mkono wake kichwani mwangu, kisha akarudi ngazini kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Ni nyumba nzuri. Kuta zimetulia, Kabula ana chumba chake na ameshaanza kuchora ukutani. Wao wanalala humo. Mimi bado nalala kwenye chumba tulichopanga kijijini. Kabula ameniuliza kama nimefanya kosa. Nikasema ndiyo.

Kibali changu kimetoka. Naweza kusafiri Agosti. Sijui nitaingia Lusu kwa uso gani, na watu wote wanajua, na walinihurumia kwa kunyamaza. Lakini siwezi kuingia katika nyumba hii kabla sijasimama pale palipokuwa nyumba ile. Niambie kama nije. Na niambie kweli, maana tumeshazoea sasa: umenisamehe?

Modest


Lusu, Nzega
12 Julai 2025

Mdogo wangu Modest,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa Lusu, kwenye meza ya Silasi. Baba mdogo Nikolaus tulimzika tarehe ishirini na nane Juni. Aliondoka akiwa usingizini, mchana, baada ya kugombana na Levina kuhusu chumvi. Pole, najua ulimpenda. Justus amepangiwa shule ya mbali, anaondoka wiki ijayo, na nyumba yangu ya Ng'ambo itakuwa kubwa.

Kabla hajafa nilimsomea baba mdogo barua yako. Yote, hadi mahali pa gogo kulia. Alifumba macho nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Mtoto yule alikuwa anampenda mama yake vibaya." Nikamwuliza vibaya namna gani. Akasema, "Kama wewe."

Sikujua kwamba Mama alikuambia kuhusu gogo. Nimelikasirikia jambo hilo siku nyingi, nisikufiche. Nilikuwa nashona, nasikia "inapumua," naumiza kidole. Nikajiuliza kwa nini alikuambia wewe uliye mbali na mimi niliye kilomita mia hakunipigia. Jibu ninalo. Angenipigia ningekuja na Tobia. Na pia, mimi nilikuwa nimenuna, na Mama hakuwahi kumpigia mtu aliyenuna. Alikuwa anasubiri nipige.

Nataka ujue palivyo, usije ukashtuka. Udongo bado upo. Hatukuuzoa. Ni kichuguu kikubwa tu sasa, mvua mbili zimekilainisha, na msimu huu Levina alipanda maboga juu yake bila kuniuliza, yakatambaa pande zote. Nilikuja nikitaka kuyang'oa, nikayaona yamezaa, nikaacha. Mtundwe umesimama. Kaburi halijajengewa. Ukoo walitaka saruji na vigae, nikawaambia wasubiri mtoto wake mwingine aje aseme.

Watu hapa hawatakuuliza kitu. Watakupa kiti, watakupa maji, watakuambia umenenepa. Ukitaka kulisema mwenyewe watasikiliza. Silasi ndiye ninayekuomba umwendee peke yako, kwa sababu ni yeye aliyemtoa, na tangu siku ile hajaongea na mtu kuhusu mikono yake. Mabati anayo bado. Hakuyaezeka.

Ile nyumba yako ingia. Usinisubiri mimi wala marehemu. Mtoto ana chumba na baba analala nje, hilo halimsaidii Mama. Lakini kama huwezi mpaka uje kwanza, basi uje.

Umeuliza kama nimekusamehe. Bado. Kuna siku naamka limekwisha, nachota maji, nawasha moto, halafu ikifika saa tatu asubuhi jua likiwaka baada ya mvua, linarudi lote. Nami sijajisamehe. Sitaki kukuandikia jambo ambalo halijatokea, tumedanganyana vya kutosha kwa nia njema.

Njoo Agosti. Mlete Kabula kama Inesi ataridhia, hapa ana watu wengi wa kumlilia na wa kumchekesha. Basi la kutoka Dar linafika Nzega jioni, nitakuwa stendi na bodaboda wawili. Tutatoka hapo moja kwa moja hadi kaburini kabla watu hawajatuona, hata kama una njaa. Ulicho nacho umwambie Mama. Mimi nimeshafika pale mara nyingi, nimepalilia, nimemwagia maji, nimesali rozari nzima, na kwa lile neno langu sijaweza kumwomba radhi hata siku moja. Nilikuwa nashindwa kulisema peke yangu.

Dada yako,
Advera